Mfalme Hagongwi Usoni

Vijana wa kaunta mmeniomba niandike machache kabla sijasahau, nami nimeona heri niandike sasa. Tangu nistaafu, mke wangu amenigeuza mlinzi wa kabichi zake, na kazi ya kufukuza kima humpa mtu nafasi kubwa ya kuwaza. Sitawaambia nilipanda cheo lini wala nilipewa nini. Hayo yamo kwenye jalada langu, jalada liko Tanga, na panya wa Tanga wana haki ya kusoma kama watu wengine. Nitawaambia habari za muhuri, wino na stempu za ukumbusho, ambazo ninyi siku hizi mnaziuza kama mtu anavyouza kiberiti.

Nilianza kazi posta ya Lushoto asubuhi ya ukungu, ule ukungu wetu wa mwezi wa sita unaoingia ndani bila kubisha hodi. Nilikuwa mtu mzima tayari. Nilikuwa nimepima majani ya chai kule Bulwa mpaka vidole vikawa vya kijani, na nilijua kusoma kwa sababu baba yangu, Mwislamu asiyekosa sala, alinipeleka shule ya misheni kwa sharti kwamba nirudi na herufi peke yake. Nilirudi na herufi, na wimbo mmoja ambao sikuwahi kuuimba akiwa nyumbani.

Aliyenipokea alikuwa Bwana Salehe, karani mkuu, mtu wa Tanga mjini. Alikuwa amevaa makoti mawili, na juu ya kofia amefunga skafu ya mkewe. Alikuwa ameishi Lushoto miaka mingi lakini hakuwahi kuikubali baridi yake. Kila asubuhi aliilaumu kana kwamba imefika jana yake.

"Shikamoo, Bwana Salehe."

"Marahaba. Weka mwavuli wako pale, njoo tuupashe wino moto."

Nilidhani ananitania, kumbe ndiyo kazi ya kwanza ya siku. Kwa baridi ya Lushoto wino wa muhuri huganda ukawa kama uji wa jana. Kile kisahani cha wino huwekwa karibu na jiko la mkaa kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha kahawa. Ukikiacha vikombe viwili, wino unakuwa maji na herufi zinavimba. Bwana Salehe alikunywa kahawa nyingi sana kazini, na kila kikombe alikiita kipimo.

Kisha akanifundisha mambo matatu, akanifanya niyarudie kama mtoto wa chuoni. Kwanza tarehe: zungusha vyuma vidogo vya muhuri mpaka vionyeshe siku ya leo. Pili karatasi mbovu: gonga kwanza kwenye karatasi ya kutupa, usome ulichogonga. Tatu ndipo barua.

"Tarehe, karatasi mbovu, barua," alisema. "Ukiruka moja, hujafanya kazi, umepiga kelele."

Akaniwekea barua ya kwanza. Palikuwa na stempu ya mfalme yule mwenye ndevu, anatazama pembeni, katulia. Bwana Salehe akasema, "Gonga." Nikainua muhuri. Nikaushusha taratibu mezani.

"Kulikoni?"

"Bwana Salehe, huyu si ndiye mfalme?"

"Ndiye."

"Nimgonge usoni?"

Lazima mnielewe hapa, hasa ninyi mliotoka pwani. Sisi Wasambaa tuna mazumbe, watawala wetu wa ukoo wa tangu zamani, na mimi nimelelewa na mama aliyekua jirani na Vugha, kwenye mji wao mkubwa. Nyumbani kwetu mtoto hakumnyooshea zumbe kidole usoni hata kwa mbali, hata zumbe akiwa amempa mgongo. Sasa leo, siku yangu ya kwanza, naambiwa nichukue chuma chenye mpini, nikitie wino mweusi, nimpige nacho mfalme wa mazumbe wote kwenye pua. Mkono ulikataa. Sikuufundisha kukataa, ulikataa wenyewe.

Basi nikagonga pembeni. Robo ya duara ikaikamata stempu kwenye kona ya chini, robo tatu zikakaa kwenye bahasha. Uso wa mfalme ukabaki safi kama alivyotoka kwao. Bwana Salehe akaichukua ile barua, akaipeleka dirishani, akaigeuza, akanywa kipimo.

"Mtu akiibandua hii aitumie tena, itaonekana?"

"Itaonekana, ina kovu."

"Jina la Lushoto linasomeka. Tarehe inasomeka." Akanirudishia. "Sheria inataka stempu iwe na alama. Haikusema alama ikae puani. Endelea."

Nikaendelea hivyo kwa miaka mingi, na sikudhani kuna mtu duniani anayetazama.

Stempu za ukumbusho za kwanza nilizopokea zilikuja mfalme yuleyule alipotimiza miaka ishirini na mitano katika kiti. Mpaka siku hiyo stempu kwangu ilikuwa kama kamba ya mzigo. Hizi zilikuwa na picha ya ngome yake, kubwa, ina minara. Watu walishuka kutoka vijiji vya juu si kwa sababu wana barua, ila kuitazama nyumba ya mfalme kupitia waya wa kaunta. Mzee mmoja wa Soni alinunua moja, nikamwambia ailambe kwa nyuma aibandike. Akanitazama kama nimemtukania mkwe.

"Mimi, na mvi zangu, nimlambe mfalme kisogo?"

Ndiyo asili ya ile sponji mnayoiona kaunta mpaka leo. Haikuletwa kwa ajili ya usafi.

Kwa sisi wa milimani stempu hizo zilikuwa na tabu yake. Gundi ya mgongoni huvuta unyevu, na Lushoto unyevu ni wa bure. Ukifungua kabati unakuta wafalme mia wameshikana kama watu wa mazishini. Bwana Salehe alinifundisha kutia karatasi yenye nta kati ya shiti na shiti za stempu, na kuweka bakuli la mkaa mkavu ndani ya kabati. Mkaa hunywa unyevu. Kila Jumatatu niliubadilisha, na ule wa zamani tuliutumia kupasha wino. Hakuna kilichotupwa katika ofisi ile isipokuwa maoni yangu.

Siku hizo ndipo alipoingia Memsahibu Hilda. Alikuwa na shamba la plamu huko Magamba, mrefu, mwembamba, viatu vya kiume, na Kiswahili alichojifunza kwa vibarua wake, kwa hiyo alikiongea kwa lafudhi yetu kabisa na Kisambaa kikiwa kimechanganywa humo. Alikuja ameshika bahasha kwa kibano kidogo, kama mtu aliyeshika nge. Akaiweka kaunta.

"Nani amegonga hii?"

Bwana Salehe, ambaye siku zote alisema "sisi", siku hiyo alisema "yeye". Akanionyesha kwa mkono mzima.

Nikajua kazi imekwisha. Yule mama akatoa kioo cha kukuzia, akanitazama nacho kwanza mimi, jicho lake kubwa kama la ng'ombe, kisha akarudi kwenye bahasha.

"Hongea," akasema, ambayo kwetu ndiyo asante. "Hongea sana! Miaka yote nakusanya stempu. Kila posta wananipigia wafalme wangu kama wanaua nyoka. Hapa uso safi, kona imegongwa, jina la mji na tarehe vyote vinasomeka. Nani alikufundisha?"

Bwana Salehe akaninong'oneza, "Mwambie ni ufundi. Usimwambie ni adabu." Lakini mimi sijui kudanganya mtu mwenye kioo kikubwa hivyo. Nikamweleza habari za mazumbe na mama yangu. Alisikiliza mpaka mwisho, hakucheka, akaandika kwenye kijitabu.

Kwake nilijifunza mambo ambayo hakuna kitabu cha posta kinayasema. Nilidhani stempu ya thamani ni ya zamani. Hapana. Zipo za zamani zilizojaa kama mchwa, hazina bei hata ya karanga. Stempu ya ukumbusho huuzwa muda mfupi, kisha zinazobaki zinarudishwa na kuteketezwa, na thamani inategemea ngapi zimeokoka na zimeokoka katika hali gani. Meno ya pembeni yote yawepo. Picha isipauke kwa jua. Na kama haijatumika, gundi iwe ile ya kiwandani, haijaguswa na ulimi. Hilo lilinishangaza kuliko yote. Nilikuwa nimeshawasaidia watu wengi kulamba mali zao. Lakini zaidi ya hayo, alisema, muhuri wenyewe unaweza kuwa mali kuliko stempu, kwa sababu stempu moja imechapwa kwa maelfu, ila posta ndogo, siku fulani, mkono fulani, ni mara moja tu.

Baada ya hapo bahasha zikaanza kuja kutoka mbali, zimebandikwa tayari, na kijikaratasi cha kuomba zigongwe siku ya kwanza na "yule karani wa pembe". Alipotawazwa mfalme mpya zilikuja lundo. Bwana Salehe alilipima kwa macho akasema, "Umekuwa maarufu katika miji ambayo hutaijua hata kwa ndoto. Sasa nenda kachote mkaa."

Vita vikapita, stempu ya ushindi ikaja ikaisha, na ndipo tukafika kwenye shauri lenyewe.

Mfalme na malkia walitimiza miaka ishirini na mitano ya ndoa. Tukaletewa stempu mbili. Ndogo ilikuwa ya senti ishirini, hiyo haikuwa na neno. Kubwa ilikuwa ya pauni moja. Shilingi ishirini! Kwa fedha hiyo ulipata mbuzi na kamba yake, na mbuzi hahitaji bahasha. Bwana Salehe aliitazama kwa muda mrefu akasema hajawahi kuona harusi yenye kiingilio cha namna ile. Katika wilaya nzima aliyeitaka alikuwa mtu mmoja, Memsahibu Hilda, na alikuwa ameuza plamu za msimu kwa ajili yake.

Juma lilelile akaja inspekta kutoka Tanga. Jina lake halina haja; sisi tulimwita Bwana Saa, kwa kuwa aliitoa saa yake mfukoni kila alipomaliza sentensi, kana kwamba anaangalia kama imefika. Alifika alasiri, siku moja kabla ya stempu kutoka. Hakukaa. Akatupa mezani bahasha kumi za kwetu.

"Mihuri yote iko pembeni," alisema. "Stempu hazijauawa, mtu anaweza kuzitumia tena. Nani anagonga?"

Safari hii Bwana Salehe alisema "sisi". Sijalisahau neno lile.

Lakini mimi nikasimama nikasema ni mimi, nikaeleza sababu, heshima na zumbe na mama yangu. Bwana Saa akatoa saa.

"Kuanzia kesho unagonga katikati. Usoni. Nitasimama hapa kwa macho yangu. Stempu moja ikitoka na uso safi, utarudi kupima chai. Umeelewa?"

Nilielewa sana. Nilikuwa na watoto wanne shuleni, na mke ambaye hakuwa amenunuliwa kanga tangu vita. Nilipanda njia ya nyumbani miguu mizito. Nikamkuta mama yangu uani, anapukuchua maharage.

"Una nini? Umetembea kama mtu aliyebeba jiwe la kusagia."

Nikamweleza. Nikamwambia, mama, kesho nimgonge mfalme usoni, tena na mkewe, tena siku ya ukumbusho wa ndoa yao, ama nifukuzwe kazi. Mama akaendelea na maharage. Sikio lake lilikuwa zima, ni jibu tu lilikuwa linakuja polepole.

"Mwanangu," akasema mwisho, "zumbe ananyolewa au hanyolewi?"

"Ananyolewa."

"Ananyolewa na nani?"

"Na kinyozi."

"Kinyozi anamshika kichwa na wembe mkononi. Mbona hafi?"

Nikakaa chini kando yake. Mama akanieleza alivyokuwa akisikia utotoni kwao. Kinyozi wa zumbe alipiga goti moja, akapiga makofi mawili taratibu, akasema, "Kwa idhini yako." Akangoja kidogo, muda wa zumbe kuvuta pumzi. Zumbe asiposema kitu, basi amekubali. Ndipo alipomnyoa, na hakuwa na kosa.

"Nenda ukagonge," alisema mama. "Ila usigonge kama mwizi. Omba."

Nililala usingizi mzuri, nikaamka mapema nikapasha wino.

Asubuhi Memsahibu Hilda alikuwa mlangoni kabla ya mlango kufunguliwa. Alikuwa na bahasha moja tu. Alikuwa ameandika jina lake mwenyewe, kwa anwani ya posta ya Lushoto, barua ya rejesta, ajitumie mwenyewe kutoka dirisha moja hadi jingine. Akainunua ile stempu ya pauni moja, akaibandika kwa sponji. Bwana Saa alikuwa nyuma yangu, saa mkononi. Na kwenye meza yangu palikuwa na rundo la barua za kwenda Mombo. Lori la barua huondoka saa nne ili kuiwahi treni huko chini, na treni ya Mombo haijui heshima ya mtu.

"Anza na hizo za lori," alisema Bwana Saa. "Katikati!"

Nikaweka tarehe. Nikagonga karatasi mbovu, nikasoma. Nikaivuta barua ya kwanza. Nikapiga goti moja kando ya meza, nikapiga makofi mawili taratibu.

"Kwa idhini yako," nikasema. Nikangoja muda wa pumzi moja. Mfalme hakusema kitu. Nikasimama, nikagonga katikati ya uso, tap!

Nikavuta barua ya pili. Nikapiga goti.

Bwana Saa akauliza nafanya nini. Nikamwambia, kwa adabu zote, natimiza amri yake. Makofi mawili. Kwa idhini yako. Pumzi. Tap. Sikuwa nafanya mzaha, naapa mpaka leo. Nilitaka kazi yangu na nilitaka pia radhi ya mfalme, na hiyo ndiyo njia pekee niliyopewa. Lakini ilipofika barua ya kumi na mbili magoti yalikuwa yanalia, watu wa nje wamejaa dirishani, na dereva wa lori ameanza kupiga honi. Mama mmoja wa sokoni, kikapu cha viazi kichwani, akaanza kunisaidia makofi. Bwana Salehe alikuwa amegeuka ukutani, mabega yake yakitikisika ndani ya makoti mawili. Alisema baadaye ni baridi.

"Basi!" alisema Bwana Saa. Akaichukua bahasha ya Memsahibu. "Nitakuonyesha barua inavyogongwa."

Muhuri wangu nilikuwa nimeushika mimi. Yeye akafungua droo akachukua ule wa akiba, tuliokuwa tumeutumia juma lililopita nilipokuwa naosha wangu kwa mafuta ya taa. Nikafungua mdomo.

"Bwana, huo—"

"Usinifundishe kazi!"

Nikafunga mdomo. Amri ni amri. Akauchovya muhuri kwenye wino, akaupiga kwa nguvu zake zote katikati ya mfalme na malkia, meza ikaruka, kahawa ya Bwana Salehe ikamwagika. Duara lilikaa juu ya nyuso zote mbili, jeusi, zuri, linasomeka kila herufi.

Memsahibu Hilda akaziba mdomo kwa mkono. Kisha akatoa kioo chake, akainama, akakaa hivyo muda mrefu mno. Alipoinua uso alikuwa na sura ya mtu aliyekwenda kuzika akakuta arusi.

"Bwana," alimwambia inspekta taratibu, "stempu hii imetoka leo. Muhuri wako unasema ilitumika Jumanne iliyopita."

 Bwana Saa akatazama. Akatoa saa yake, ambayo kwa shida ile haikuwa na msaada wowote. Uso ukamwiva kama plamu.

"Nipe hiyo. Itachanwa."

Hapo ndipo Bwana Salehe alipogeuka kutoka ukutani, macho mekundu ya "baridi", akafunga kifungo cha koti la juu. "Samahani, Bwana. Kitabu chetu kinasema barua ikishagongwa si mali ya posta tena, wala ya aliyeituma. Ni ya yule iliyoandikiwa." Akainama kusoma, kana kwamba halijui jina lile. "Imeandikiwa Memsahibu Hilda. Yupo?"

"Yupo," alisema Memsahibu.

"Ni rejesta. Tia sahihi hapa."

Akatia sahihi. Barua ikasafiri urefu wa kaunta, ikafika salama. Nadhani ndiyo barua iliyokwenda upesi kuliko zote katika historia ya Usambara.

Bwana Saa akashusha sauti. Akamwomba Memsahibu asiionyeshe ile bahasha kwa mtu, maana posta kuuza stempu kabla ya siku yake lilikuwa jambo zito, na aliyeugonga muhuri ule mbele ya watu wote alikuwa yeye. Memsahibu akaifunga kwenye kitambaa.

"Itakaa kwenye albamu yangu, nami sitasema. Lakini huyu mghosi agonge anavyogonga siku zote." Mghosi ni mwanamume kwa Kisambaa, na kwa jinsi alivyolitamka nilijiona nina urefu wa mnara.

"Anapiga makofi!" alisema Bwana Saa.

"Wewe hukupiga. Umeona yaliyokupata?"

Dereva akapiga honi ya mwisho. Bwana Saa akafungua kitabu cha ukaguzi, akaandika kwamba mihuri ya Lushoto ni safi na inasomeka, akapanda lori lilelile. Nikazigonga barua zilizobaki pembeni, mbiombio, na treni tukaiwahi. Jioni nikampelekea mama kilo ya sukari. Alipouliza kama mfalme alikubali, nikamwambia alikubali, ila inspekta hakuomba. Mama akasema, "Nilijua wapo wasioomba," akaendelea na maharage.

Yaliyofuata ni ya kawaida. Bwana Salehe alistaafu akarudi kwenye joto lake, akaniandikia kwamba sasa anaona Tanga ni moto mno. Malkia akaja badala ya baba yake, nikamgonga pembeni kwa uangalifu zaidi, maana ni mwanamke. Juzijuzi tulipewa stempu za kukumbuka miaka mia tangu Wazungu wawili wayaone maziwa yetu makuu, na mteja mmoja mwenye jamaa zake Kigoma aliigeuzageuza akauliza, "Kwani yalikuwa yamepotea?" Nikamuuzia mbili.

Mwaka jana Memsahibu Hilda aliuza shamba. Alikuwa amezeeka, na ndugu zake walikuwa wamemwita kwao. Alikuja kaunta asubuhi, viatu vilevile, akaniwekea kitambaa mbele yangu. Nilijua kilichomo kabla sijafungua. Nikamwambia haiwezekani, kitu hiki, kwa tarehe yake isiyowezekana, kina thamani kuliko nyumba yangu na kabichi zake.

"Huko niendako," alisema, "watu watauliza bei yake. Wewe utauliza hali yake. Kaa nayo."

Nililia. Nililia kaunta, mbele ya watu waliokuja kununua stempu, na sioni aibu kuliandika. Nilimpenda mama yule kama mtu anavyompenda jirani aliyemwona siku ya kufedheheka akashika upande wake.

Tangu hapo ameshaniandikia mfanyabiashara mmoja wa stempu, sijui kazipata wapi habari, akataja bei ambayo mke wangu aliisoma mara tatu. Nilimjibu kwamba haiuzwi. Bahasha ya jibu niliigonga mwenyewe, pembeni.

Karibuni, wanasema, tutakuwa na stempu zetu wenyewe, na nyuso zitakuwa za watu tunaowajua. Hapo sasa ndipo mtakapojua ugumu wa kazi hii, vijana. Tarehe, karatasi mbovu, barua. Kona ipo, itumieni.

Ile bahasha iko kwenye sanduku langu, ndani ya kitambaa kilekile. Ndiye mfalme pekee aliyewahi kupigwa usoni Lushoto bila kuombwa radhi, na mimi nilikuwepo na mdomo nilifunga. Kwa hiyo kila nikifungua sanduku hupiga kwanza makofi mawili. Mke wangu amenicheka kwa hilo tangu siku ya kwanza. Huita watoto waje waone.

Jana nilitaka kuitazama tena ili nisikosee ninayowaandikia. Nilikuwa na kalamu mkono mmoja na taa mkono wa pili, maana ukungu ulikuwa umeingia ndani na kutia giza. Nikainama, nikasukuma kifuniko kwa kiwiko. Nyuma yangu, mlangoni, nikasikia makofi mawili, taratibu. Alikuwa mke wangu, ameweka chini kikapu cha kabichi ili mikono iwe huru.

"Ngoja kwanza avute pumzi," alisema.

Tukangoja wote wawili. Kisha nikafungua.